Klabu ya Kupanda Milima Inaposuasua: Dalili, Vyanzo na Kugawana Kazi za Kamati

Mbeya tumezungukwa na milima kiasi kwamba kuanzisha klabu si kazi ngumu. Marafiki wa Soweto, Forest na Uyole wanakubaliana, grupu la WhatsApp linafunguliwa, Jumamosi watu wanapanda Loleza na kupiga picha, na mwezi unaofuata wanataka Rungwe. Kinachowashinda wengi ni mwaka wa pili. Safari zinapungua, maneno yanaanza kuzunguka, kamba hazijulikani ziko kwa nani, na watu waliokuwa marafiki kabla ya klabu wanaacha kusalimiana. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwaka huo wa pili, na nauandika kwa sababu naona uchungu klabu nzuri zikifa kwa mambo yanayotibika.

Kabla ya kutibu chochote, jaribuni hili: tatizo lolote mnalolitaja kwa jina la mtu, litajeni upya kwa jina la kazi. “Mhazini haaminiki” igeuke “taarifa ya fedha haitoki baada ya safari.” “Yule kijana wa vifaa ni mzembe” igeuke “hakuna anayehesabu vifaa vinaporudi.” Mkishasema hivyo, swali linalofuata linajibika: kazi hii ni ya nani, na huyo asipokuwepo ni ya nani? Mara nyingi mtagundua kwamba kazi haina mwenyewe, au inaye mmoja tu asiye na msaidizi. Uvivu na wizi vipo duniani, lakini si mahali pa kuanzia kutafuta.

Gari limelipiwa, abiria nusu

Kwenye grupu kuna majina ishirini na tano. Alfajiri ya safari wamekuja kumi na wawili, na Costa imeshalipiwa. Kamati hukasirika na kusema watu hawana msimamo.

Angalieni tarehe kwanza. Safari ya katikati ya mwezi inamkuta mfanyakazi mfukoni pakavu. Novemba na Desemba watu wengi wa huku wana mashamba: hata mwenye ofisi mjini ana mahindi Mbozi au viazi Isongole, na mvua za kwanza zikianguka shamba halimsubiri mtu. Jumapili ni ya ibada kwa wengi, na Jumamosi ni ya ibada kwa Wasabato, kwa hiyo klabu inayosafiri Jumamosi tu imewafungia mlango wanachama hao bila kukusudia. Sikukuu za kitaifa husaidia hapa. Sabasaba na Nane Nane zinaangukia kipupwe, anga likiwa wazi na njia kavu. Ila Nane Nane magari mengi yanakuwa Uyole kwenye maonyesho ya viwanja vya John Mwakangale, hivyo gari liagizwe mapema zaidi.

Tarehe zikiwa sawa na watu bado hawatokei, chanzo ni kwamba kujiandikisha hakugharimu kitu. Wekeni malipo ya awali, na pamoja nayo utaratibu wa kurudisha ulioandikwa: mwenye msiba au mgonjwa malipo yake yanahamia safari ijayo, na anayepata mtu wa kushika nafasi yake hapotezi chochote. Kazi hii apewe mwandikishaji, asirundikiwe katibu. Jumatano jioni anafunga orodha ya waliolipa, kisha ndipo gari linaagizwa. Watu kumi na wawili ni Noah mbili, hawahitaji Costa.

“Bila yeye hakuna safari”

Hapa ndipo klabu nyingi zinapofia, na ugonjwa wenyewe huanza ukiwa umevaa nguo za sifa. “Kaka yetu anajituma sana.” Yeye anampigia dereva, anakwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, anapokea fedha, anabeba kamba, anaongoza njia, na usiku anapanga picha. Wengine wanakuja na chupa ya maji. Siku akihamishiwa Songea kikazi, au akifiwa, klabu inanyamaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kamati haijui uzito wa kazi zake kwa sababu haijawahi kuzinyanyua.

Vyanzo ni vitatu, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Cha kwanza, vyeo viligawanywa lakini kazi hazikugawanywa. Katiba ilinakiliwa kutoka kikundi kingine, labda cha kuweka na kukopa, ikiwa na mwenyekiti, makamu, katibu, katibu msaidizi, mhazini na wajumbe. Hakuna mstari unaosema nani anaomba kibali cha msitu. Makamu anangoja mwenyekiti augue. Wajumbe wanangoja kuitwa. Hawa si wavivu. Hawajui wanasubiriwa kwa lipi.

Kaeni jioni moja mwandike kila kitu kilichofanyika ili safari yenu ya mwisho iwezekane. Tuseme ilikuwa Rungwe. Kuna aliyechagua tarehe na kuitangaza, aliyeandikisha na kupokea malipo, aliyewasiliana na watu wa misitu kuhusu kibali na muongozaji, aliyeagiza gari na kujadiliana bei, aliyenunua mkate, mayai na ndizi, aliyekagua kisanduku cha huduma ya kwanza, aliyebeba vifaa, aliyetembea mbele, aliyetembea nyuma, aliyehesabu watu wakati wa kupanda gari, aliyelipa dereva, aliyeandika matumizi, aliyefua na kuanika kamba. Orodha huwa ndefu kuliko alivyodhani mtu yeyote, na mbele ya kila kazi mkiandika jina la aliyeifanya, jina moja litajirudia mpaka watu waone haya. Hapo hamhitaji hotuba.

Kisha zigawanyeni kwa mafungu yanayokwenda pamoja: usafiri na chakula, uandikishaji na mawasiliano, vibali na uhusiano na vijiji, vifaa, fedha, uongozi wa njia na usalama. Kila fungu liwe na mwenye kazi na msaidizi, na majina yote mawili yatangazwe. Zipo klabu zinazogawa kazi kwa zamu, kila safari mtu mwingine. Mimi sioni faida yake: dereva hajui ampigie nani, mwenyekiti wa kijiji anaona sura mpya kila mara, na hakuna anayekaa na kazi muda wa kutosha kuijua. Mwaka mmoja au miwili kwa kazi moja, halafu msaidizi anapanda, ni bora zaidi.

Chanzo cha pili, maarifa yako kwenye kichwa na simu ya mtu mmoja. Namba ya dereva asiyeogopa barabara ya Isongole mvua ikinyesha, jina la mzee wa kijiji anayepaswa kusalimiwa kwanza, mahali njia inapogawanyika ndani ya msitu na ile ya kushoto inaishia kwenye pori la mianzi. Nunueni kauntabuku. Kila mlima uwe na ukurasa wake: nani anaombwa ruhusa, mnaegesha wapi, maji yako wapi, mliondoka saa ngapi na kufika saa ngapi, nini kiliharibika. Liandikwe ndani ya siku mbili baada ya safari, na likae kwa katibu, lisikae kwa yule yule anayejua kila kitu. Anayelijaza awe msaidizi, maana kuuliza ndiko kunakomfundisha.

Chanzo cha tatu ni kigumu: mwenyewe hataki kuachia. Kaijenga klabu kwa miguu yake, na kila akiachia kitu anaona kinafanyika ovyo. Suala hili lisipelekwe kwenye grupu hata kwa mafumbo, na lisiwe ajenda ya kikao. Aende mtu mmoja anayemheshimu, nyumbani kwake, na aombe kazi badala ya kumwambia apumzike:

“Shikamoo, kaka. Nimekuja kwa ajili ya Rungwe ya Septemba. Safari hii naomba wewe utuongoze njia tu. Gari na chakula niachie mimi, nikikwama nitakupigia.”

“Dereva unamjua?”

“Simjui. Ndiyo maana nimekuja, unitambulishe.”

Mtu aliyeombwa kutambulisha huona heshima yake ipo. Aliyeambiwa “umetawala sana” hujibu kwa kujitoa, na huondoka na namba zote za simu.

Baada ya hapo kamati nayo ina wajibu. Mgeni wa kazi akiagiza gari kwa bei ya juu kidogo, au mikate ikabaki, asinyang’anywe kazi. Akinyang’anywa hapo atarudi kuwa jina kwenye karatasi, na hakuna mwingine atakayejitokeza. Mkitaka kujua kama mmepona, panga safari ndogo ya Loleza ambayo mkongwe haandai lolote, anakuja kama abiria. Kitakachokwama siku hiyo ndicho kazi ambayo bado haijakabidhiwa.

Mnong’ono wa fedha

Dalili ya mapema ni watu kulipa kwa kuchelewa bila sababu. Baadaye swali linatupwa kwenye grupu usiku: “Hivi ile salio ya safari ya Ngozi iliishia wapi?” Na mhazini, aliyechoka, anajibu kwa hasira.

Chukueni daftari na taarifa ya miamala ya simu mkazilinganishe safari moja baada ya nyingine. Tofauti ikiwa ndogo na inajirudia, chanzo karibu hakika ni makato: ada ya kutuma, ya kutolea kwa wakala, na tozo nyinginezo ambazo hakuna aliyeziandika kama matumizi. Mhazini amekuwa akizilipa kutoka mfukoni au akizikata kimya kimya, na vyote viwili vinazaa maneno. Kadirieni makato kwenye bei ya safari tangu mwanzo.

Tofauti ikiwa kubwa lakini haina mpangilio, angalieni kama fedha za klabu zinaingia kwenye laini ile ile anayopokelea ada za watoto na biashara yake. Zikichanganyika, hata mwaminifu hawezi kujitetea. Tafuteni laini au Lipa Namba ya klabu, au akaunti ya benki yenye watia saini wawili. Benki itawadai cheti cha usajili, katiba na muhtasari wa kikao kilichowateua watia saini, na hapa ndipo klabu nyingi zinapogundua kwamba kusajiliwa si anasa. Vilabu vya michezo vina msajili wake chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Mlango wa kuanzia ni afisa michezo wa halmashauri yenu.

Dawa ambayo haina gharama ni muda wa taarifa. Siku moja baada ya safari, mhazini aweke kwenye grupu mapato, matumizi, makato na salio, pamoja na picha za risiti. Mistari sita inatosha. Taarifa inayotoka kabla ya kuulizwa inaonekana ukweli. Hiyo hiyo ikitoka baada ya swali inaonekana utetezi. Na msaidizi wa mhazini ndiye aandike, mhazini athibitishe, ili macho manne yameiona.

Anayetaka kuuliza aulize hivi: “Mama Mhazini, naomba unisaidie kuelewa mstari wa usafiri.” Anayeulizwa kwa heshima hufungua daftari.

Vifaa vinapotea, au vipo lakini haviaminiki

Kupotea kuna chanzo kimoja kikubwa: kukopeshana kwa mdomo. Mtu anachukua hema la klabu kwa harusi ya binamu huko Kyela, na baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka. Daftari la kuazima lenye sahihi linatibu hilo. Kuhesabu kufanyike kabla ya watu kupanda gari kurudi, si mjini usiku ambapo kila mtu anakimbilia bajaji.

Kamba zinataka uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu klabu zinazopenda miamba, hasa wenzetu wa Iringa, zinaning’iniza uhai wa watu juu yake. Kamba ya kupandia imetengenezwa kwa nailoni na imebuniwa kunyumbuka, ili mtu akianguka isimkate pumzi kwa mshtuko. Kamba ya manila ya duka la vifaa vya ujenzi, hata ikiwa nene kama mkono wa mtoto, haifanyi kazi hiyo, na mjumbe anayeileta kwa nia njema arudishiwe kwa shukrani.

Sasa fikirieni kamba ya klabu inakaa wapi. Mara nyingi ni chumbani kwa mtunza vifaa, chini ya kitanda, jirani na betri ya sola au ya pikipiki. Tindikali ya betri huivunja nailoni, na mvuke au tone lililokauka linaweza kuidhoofisha kamba bila kuacha alama ya kuonekana. Kamba iliyokaa jirani na betri, na hakuna anayeweza kuapa kwamba haikuguswa, haifai tena kwa kupandia. Ikateni vipande muitumie kufungia mizigo, ili asitokee mtu wa kuitundikia uhai. Jua kali nalo hudhoofisha nailoni: ianikwe kivulini. Ifuliwe kwa maji na sabuni laini, isiwekewe jiki. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama haijatumika, na iliyobeba mwanguko mkubwa hustaafu siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtunza vifaa asichaguliwe kwa kuwa ana chumba cha ziada. Achaguliwe anayependa kukagua. Kila kamba iwe na kadi yake inayosema ilitengenezwa lini, ilitumika lini, nani aliikagua, na kama imewahi kubeba mwanguko. Na apewe mamlaka kamili ya kusema “hii haitumiki leo” bila kupigiwa kura. Kamati ikimlazimisha mara moja, kazi yake imekwisha maana.

Mnashuka gizani

Watu wanasema waliopo nyuma ni wazito. Fanyeni hesabu kwanza. Mskoti William Naismith aliacha kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita kumi inayopanda mita 900 ni saa tatu na nusu kwa mtu mkakamavu asiyepumzika. Kwa kundi lenye wageni ongezeni nusu yake; mnafika saa tano na robo za kutembea. Mkianza kutembea saa moja asubuhi mko kileleni saa sita na robo. Lakini Costa ikiondoka mjini saa moja na ushee, ikasimama Uyole kununua maji, na ofisi ya kijiji ikachukua muda wake, mnaanza kutembea saa nne na kufika juu saa tisa na robo. Juni jua la Mbeya linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Giza lilikuwa limeshapangwa kabla mzito hajafunga kamba za viatu.

Chanzo basi ni muda wa kuondoka, na mwenye kazi ya usafiri ndiye wa kuulizwa. Kama muda wa kuondoka ulikuwa sawa, ulizeni kama saa ya kugeuka ilitangazwa. Iwepo, isemwe kabla ya kuanza, na iheshimiwe hata kilele kikiwa kinaonekana. Desemba hadi Machi iwe mapema zaidi, kwa sababu radi za mchana zikiwakuta kwenye matuta ya nyasi hamna pa kujificha.

Kuna chanzo cha ndani zaidi, na ni cha heshima zetu. Kiongozi wa njia ni binti wa miaka ishirini na nne anayeijua Rungwe vizuri. Nyuma yake kuna mwenyekiti, mchungaji na mzee mmoja mstaafu. Nani atamwambia mzee “turudi”? Hatasema, na kundi litaendelea mpaka lichelewe. Anayeweza kutibu hili ni mwenyekiti peke yake, kwa kusema mbele ya wote pale chini: “Leo kiongozi wetu ni dada huyu. Akisema tugeuke, mimi nitakuwa wa kwanza kugeuka.” Ndani ya kikao mwenyekiti ana kauli, mlimani kauli ni ya kiongozi wa njia. Liandikeni kwenye katiba.

Baridi iwe sehemu ya kazi yake. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Rungwe ni mita 2,960. Hewa hupungua joto karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu, hivyo juu ni baridi zaidi kwa nyuzi nane hivi, kabla ya upepo na mvua. Aliyelowa, anayetetemeka, anayejikwaa na kuongea kwa shida, mwili wake unapoteza joto, na ukishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari ya maisha. Avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, akingwe upepo, apewe kitu kitamu kama bado anameza vizuri, na kundi lianze kushuka.

Kazi moja ambayo karibu hakuna kamati inaigawa: mtu anayebaki mjini. Ana orodha ya waliokwenda, namba za ndugu zao, njia mliyopita na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita bila simu anaanza kupiga: kiongozi, dereva, ofisi ya kijiji, kisha 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Apewe mwanachama mwenye mtoto mchanga au aliyeumia goti, na ahesabiwe kuwa alikuwa safarini.

Mlinzi wa msitu kawazuia, kijiji kimenuna

Karibu kila mara mlipita bila kubisha hodi. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Misitu hiyo ndiyo makazi ya kipunji, aina ya kima ambaye wenyeji walimfahamu kabla wanasayansi hawajamkuta mwaka 2003, na walinzi wana sababu ya kuuliza kila anayeingia na begi. Barua iende mapema, ada zilipwe, muongozaji wa kijiji asikwepwe ili kubana matumizi. Mkipita kwenye viazi au pareto ya mtu, mpite pembeni. Mwenye kazi ya vibali awe mtu mwenye salamu ndefu na subira, na awe yule yule kila mara.

Wapya wanakuja mara moja tu

Wapigieni simu muwaulize. Majibu huwa ya kawaida sana: waliachwa nyuma, hawakujua wavae nini, hawakupata mahali pa kujisaidia, walirudi usiku na hapakuwa na usafiri wa kuwafikisha nyumbani. Kwa wanawake mawili ya mwisho ndiyo yanayoamua, na kamati ya wanaume watupu haiyaoni mpaka iambiwe. Teueni mpokeaji wa wageni, ikiwezekana mwanamke, ambaye anampigia kila mgeni siku mbili kabla, anatembea naye, na hashuki kwenye gari mpaka ajue kila mmoja anafikaje kwake.

Vikao havifiki akidi

Fupisheni. Kama kikao kinasikiliza taarifa ambazo zingeweza kuandikwa kwenye grupu, watu wana haki ya kukaa nyumbani. Leteni kikaoni mambo ya kuamua tu, saa moja na nusu isizidi, na kiitishwe jioni ile ile ya kugawa vifaa vya safari, maana watu wapo tayari.

Uchaguzi umefika, hakuna anayegombea

Kila mtu anatazama chini, na mwishowe wale wale wanabebeshwa tena. Wamewaona wenzao wakichoka, na hawajui kazi inaishia wapi. Msitafute watu kwa kuwatajia vyeo. Mwezi mmoja kabla, tangazeni kila fungu la kazi kwa maneno mawili matatu: linachukua muda gani kwa safari moja, nani msaidizi, linaisha lini. Mtu anayekataa “ukatibu” hukubali “kufunga orodha Jumatano jioni na kuagiza gari.” Wasaidizi wafuatwe mmoja mmoja kwanza, wengi wanangoja kuombwa.

Makabidhiano yafanyike wiki hiyo hiyo, anayetoka na anayeingia wakiwa pamoja na shahidi mmoja wa kamati. Yakabidhiwe kauntabuku la milima, daftari la fedha na salio lililothibitishwa siku hiyo, kadi za kamba na vifaa vilivyohesabiwa kimoja kimoja, cheti cha usajili, na namba za madereva na ofisi za vijiji. Wote watatu waweke sahihi, na safari ya kwanza baada ya uchaguzi aliyetoka aende akiwa msaidizi wa aliyeingia.